Unga Unatoka?

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu baadaye, kwanza hasira. Baba ameanguka bafuni leo asubuhi. Yuko hai, yuko sebuleni, anakula na kunikosoa namna ninavyokunja shuka. Sikupigi simu kwa sababu simu ya nyumba hii iko mezani kwake, na tangu ulipomwambia mwezi uliopita kwamba "lazima" apumzike, ukitajwa tu anatoka chumbani. Barua hii nampa dereva wa lori la unga. Ameniahidi kesho jioni utakuwa nayo.

Nilisikia kishindo nikiwa napiga pasi suti ya mteja. Nikamkuta Baba kati ya ndoo na ukuta, uso wa kijivu, ananiuliza nani amezima taa. Jua lilikuwa linawaka mpaka sakafuni. Nikaita gari la wagonjwa. Walikuja haraka, siwezi kuwanyima hilo. Dereva, na mhudumu mmoja mnene mwenye viatu vinavyong'aa. Nikamwambia huyo mhudumu: mzee wangu amewekewa betri ya moyo wiki sita zilizopita, hapa chini ya bega la kushoto, tafadhali angalia vizuri. Akambandika vipande vyake kifuani, akawasha kioo chake, kikaanza kulia ti, ti, ti.

"Sabini," akasema. "Mapigo sabini, yamenyooka kama rula. Mama, mzee wako ana moyo mzuri kuliko wangu."

Akambana kidole kwa kibanio cha kupimia damu. Hicho kilikuwa na namba yake nyingine kabisa. Akakigonga gotini mara mbili, akasema hiki nacho kimeshakufa, akakirudisha mkobani. Kwa maelezo yake, Baba alikuwa na njaa na bafu lilikuwa na joto. Akamnywesha maji ya sukari, wakaondoka. Baba alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Sabini! Mashine haichoki."

Mimi nashona suti, sijasomea moyo. Lakini uso wa baba yangu naujua, na ule haukuwa uso wa njaa. Wewe huko uliko unafundisha watu wa magari ya wagonjwa, unalipwa kwa kuyajua haya. Niambie: hiyo sabini ni ya kweli, au nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe?

Dada yako


Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada,

Sabini ilikuwa ya kweli. Haikuwa ya Baba.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikalipiga teke pipa la taka la ofisi, na mwenzangu sasa anapita mbali nami. Kibanio hakikuwa kimekufa. Katika bafu lile lote, kibanio ndicho pekee kilichosema kweli, nacho kikagongwa gotini.

Nakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Betri ile hutuma umeme mdogo, unapita kwenye waya mpaka ndani ya moyo. Kwenye kioo, umeme huo huonekana kama mstari mwembamba uliosimama wima. Sisi tunauita msumari. Moyo ukiitikia, nyuma ya msumari hufuata kilima kipana. Msumari, kilima, msumari, kilima: hapo mgonjwa yuko salama. Lakini waya ukisogea hata kidogo, betri huendelea kupiga misumari yake na moyo hausikii. Moyo hubaki unajiendea wenyewe, polepole, na kuna saa unasahau kabisa. Ndipo mtu anapouliza nani amezima taa.

Sasa, vioo vingi havina akili ya kutofautisha. Vinahesabu misumari na kuandika "mapigo". Na hata sisi wenyewe lugha inatuponza. Betri inapiga, moyo unapiga, na vyote tunaviita mapigo. Mhudumu akisema "mapigo sabini", anayemsikia hajui ni ya nani. Kioo kinaona umeme tu. Damu hakiioni; kibanio ndicho huiona.

Fanya hivi. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, chini ya gumba. Usitumie gumba lako, litakudanganya kwa mapigo yako mwenyewe. Hesabu dakika nzima. Betri yake imepangwa sabini. Ukipata pungufu sana ya hapo, waite tena, na uwaambie waya umehama, apelekwe hospitali kuu kwa daktari aliyemwekea. Nimeshaongea na daktari. Kitanda kipo.

Nimempigia simu pia mkuu wa magari ya wagonjwa wa huko kwenu. Amenijibu kwamba kioo chao ni kipya. Nikamuuliza mara ya pili. Akaniambia ni kipya sana.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Nimehesabu. Thelathini na sita.

Mara ya kwanza nilijifanya namfunga vifungo vya shati. Dakika ilipokwisha tu akauchomoa mkono. "Unanipima nini, suti?" Nikamsubiri asinzie kitini mchana, nikarudia. Safari hii ilikuwa pungufu kidogo ya thelathini na sita, na katikati kukawa na ukimya mrefu hata nikadhani ndiyo basi. Kisha likaja pigo moja, zito, kama mtu anayebisha hodi akiwa amekata tamaa.

Nikawaita. Akaja yule yule. Nimempa jina, Bwana Kioo.

"Mama, si tulikuja Jumatatu?"

"Na leo mmekuja tena. Mshike mkono."

Akamshika. Alimshika kweli, siwezi kumsingizia. Lakini macho yalikuwa kwenye kioo na kichwa kilikuwa kinafuata ule mlio, ti, ti, ti. Alihesabu alichokisikia, si alichokigusa. "Sabini," akasema.

"Kizime kioo kwanza."

"Kioo hakizimwi mgonjwa akiwa amefungwa. Ndio utaratibu wetu."

"Basi lete kile kibanio."

"Kiko kwa fundi."

Nikamwambia waya umehama. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia mdogo wangu anafundisha watu kama wewe. Akatabasamu, akasema, "Siku hizi kila nyumba ina daktari wake wa simu." Na Baba akacheka! Baba yangu mimi, midomo imepauka kama chaki, akacheka pamoja naye. Akasema, "Mgonjwa ni mimi, na mgonjwa amekataa kwenda. Wahudumieni wenye shida." Wakampa karatasi ya kukataa, akaisaini haraka kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka mfukoni muda wote, sijui anauficha nini.

Sasa nisikilize na wewe. Umenipa ugonjwa wa kuhesabu. Nashona nikihesabu, nakaanga vitunguu nikihesabu. Umewafundisha watu wa mji mzima wa huko, na mji uliozaliwa umeuachia Bwana Kioo. Hilo nimekuwekea akiba.

Kwa leo fanya jambo moja. Mwandikie Baba. Barua ataisoma, maana barua haimkatizi. Usimwandikie "lazima", wala misumari, wala vilima. Mwandikie kwa lugha yake. Sitaki kuwa mtu anayehesabu pigo la mwisho la baba yake huku mwanamume mwenye viatu vizuri anaimba sabini.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Shikamoo Baba,

Sitaandika lile neno ulilonikatia simu. Nitakukumbusha jambo tu.

Unamkumbuka msaidizi wako wa kwanza kwenye kinu chako cha kusagia unga? Siku moja ulitoka kidogo, ukamwachia mashine. Uliporudi, foleni imefika barabarani na yeye amekaa kwenye stuli, ametulia, anasikiliza mota. Mota ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Mkanda ndio uliokuwa umeteleza. Jiwe lilikuwa limesimama. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya gunia, na ninaikumbuka sauti yako mpaka leo. Ulimuuliza swali moja: "Unga unatoka?" Akakujibu, "Fundi, mota inafanya kazi." Ukamwambia, "Sijakuuliza habari za mota. Hapa hatuuzi kelele." Ukamfukuza mbele ya wateja.

Baba, hiyo betri ni mota. Waya wake ni mkanda. Moyo wako ni jiwe, na damu inayofika kwenye kiganja ndiyo unga. Yule mhudumu ameingia nyumbani kwako mara mbili, akasikiliza mota, akaondoka. Na wewe, uliyemfukuza mtu kazi kwa kosa hilo hilo, ukacheka naye.

Nina hasira na mhudumu. Nina hasira zaidi na mkuu wake, anayejibu maswali kwa upya wa kioo. Lakini hasira kubwa ni kwako. Hao hawakulelewa na lile swali. Sisi umetulea nalo, hata chai ikichelewa ulikuwa unauliza kama unga unatoka.

Zima redio. Weka vidole vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha kushoto. Jiulize mwenyewe, kisha ufanye unavyoona.

Mwanao


Jumapili, tarehe 10 Machi

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Wewe uliyekikimbia kinu kwa sababu unga unakuwasha pua, leo unanifundisha habari za mkanda. Kwanza, jiwe halikuwa limesimama, lilikuwa linazunguka kivivu. Ukisimulia, simulia sawasawa. Pili, yule msaidizi nilimrudisha kazini baada ya wiki moja na kinu leo ni chake, hilo hukuliandika kwa sababu halikufai. Tatu, sikucheka naye. Nilicheka kwa sababu dada yako alikuwa amemkazia macho kama anataka kumpima koti la kuzikia.

Nimezima redio. Nimeweka vidole. Sikwambii nimepata ngapi. Ingekuwa kinuni, ningefunga mlango na kuwarudishia watu nafaka yao.

Sasa liko jambo, na usimwambie dada yako. Wiki chache zilizopita, alipokwenda kwenye cherehani zake, nilipita kinuni kusalimia tu. Nikamkuta yule bwana anahangaika na mkanda. Umelegea, na amesimama upande mbaya, anavuta kama anakamua ng'ombe. Ningevumiliaje? Nikauvuta. Mikono yote miwili, juu ya kichwa. Nikasikia kitu kimeteleza hapa chini ya bega, kidogo sana, kama uzi unavyotoka kwenye tundu la sindano. Mkanda ulikaa vizuri mno, mwanangu. Ungeuona. Ila tangu siku ile taa zinazimika.

Daktari aliukataza mkono huu usipande juu ya bega, na dada yako alinikataza hata kujichana nao. Nilimtii wakati wa kula na wakati wa kulala. Akijua, hatasubiri moyo umalize kazi, atanimaliza yeye.

Kwa hiyo usinipigie kelele. Mota zinanitosha. Kesho nitajua la kufanya.

Baba yako,
Fundi


Jumanne, tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Jana kwenye simu nilikwambia tu kwamba yuko hai na waya umerudishwa. Alhamisi utafika, na nakujua, utaanza kuwatetea watu wa magari. Kwa hiyo soma kwanza niliyoyaona.

Jana asubuhi Baba alikuwa amekaa kitini, amevaa viatu. Akaniambia, "Waite watu wako wa kioo." Nikawaita. Akaja Bwana Kioo, amenuna tayari, akafungua mkoba. Baba akamwambia, "Acha. Kigeuze ukutani hicho kioo, na ukinyamazishe."

"Mzee, utaratibu wetu..."

"Utaratibu wako nimeshauona mara mbili. Shika hapa. Sasa niambie, unga unatoka?"

"Unga gani tena, mzee?"

"Hesabu, utauona."

Dereva ndiye aliyenyoosha mkono akapunguza sauti ya kioo. Sebule ikawa kimya. Bwana Kioo akashika, midomo inacheza. Nikaona anasimama katikati ya namba, anasubiri, anaendelea. Dakika ilipokwisha alikuwa amefika ishirini na nane. Akakigeuza kioo. Sabini. Akarudisha vidole mkononi mwa Baba, akakitazama tena. Sabini bado. Kisha akakitukana kile kioo, tusi zima zima, mbele ya mzee.

"Vizuri," Baba akasema. "Sasa umeanza kazi."

Tulipokuwa njiani moyo ukasahau. Nilikuwa humo garini. Baba alikuwa katikati ya sentensi, macho yakageuka, basi. Bwana Kioo akambandika pedi mbili kubwa za umeme, moja kifuani na moja mgongoni, akaanza kumpigisha moyo kwa umeme kutoka nje. Akawa anaongeza nguvu kidogo kidogo. Nilimtazama yeye, sikuthubutu kumtazama Baba. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kitufe na wa pili umezama juu ya paja la Baba, karibu na nyonga, anatafuta pigo, na macho ameyafumba. Ameyafumba kabisa, asikione kioo. "Bado," anasema. "Bado. Bado." Kisha akasema, "Unatoka."

Baba alizinduka akiwa anarushwarushwa kifua na ule umeme, akatutukana sote kwa zamu, na wewe ambaye hukuwepo ulikuwa wa kwanza.

Nimeandika hayo kwa sababu ni haki yake. Sasa yaliyobaki. Kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha upasuaji, nilikaa na mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua vitu vya mama yake. Tukaongea. Mama yake alikuwa na betri kama ya Baba. Alikuwa anazimia. Gari lilifika, wakampima, wakasema mapigo sitini, hana tatizo, apumzike. Betri yake ilikuwa imepangwa sitini. Wamemzika wiki iliyopita.

Mkuu wa magari ya wagonjwa alikuja baadaye, suti nzuri, mkono wa kushoto wa koti umeshonwa mfupi. Akaniambia amesikitika, lakini wamekikagua kioo na imethibitika kwamba kilifanya kazi yake ipasavyo. Nikamwambia, "Bwana, hatuuzi kelele." Hakuelewa. Yule mwanamke hakuelewa pia, lakini alisimama kando yangu na mfuko wa nguo za mama yake mkononi, na mkuu akakumbuka ana kikao.

Jambo moja dogo. Daktari anauliza mkono wa kushoto ulifanya kazi gani mpaka waya ukachomoka vile. Baba anasema haukufanya kazi yoyote. Jana mlipokuwa mnaongea kwenye simu alinigeuzia mgongo na kunong'ona. Kuna kitu unakijua?

Dada yako


Jumanne, tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Tangu uondoke nyumba ina amani ya mabomu. Dada yako amejua. Yule bwana wa kinu alikuja kunipa pole, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamshukuru dada yako kwa mkanda ambao mzee aliuvuta "na kidonda chake kibichi". Akadhani anamsifu. Siku mbili sikusemeshwa. Chakula kililetwa, sahani ikapigwa mezani, nikala. Siku ya tatu akaufunga mkono wangu kwenye bembeo la kuning'inia shingoni, aliloshona mwenyewe kwa kitambaa cha suti, na mistari yake, na mfuko wa kalamu. Nimekatazwa kulivua. Kwa hiyo siri yako iko salama, hakuna tena siri.

Wale watu wa magari uliowafundisha hizo siku mbili wanasema una mdomo mkali. Nimewaambia ameurithi kwa mama yake. Siku hizi hawasemi tena "mapigo" hivi hivi. Wanasema "ya betri" na "ya mkono", na vibanio vimerudi kutoka kwa fundi vikiwa vizima, kama vilivyokwenda. Bwana Kioo ameandika kwa rangi ndani ya mlango wa gari lake: UNGA UNATOKA? Mkuu akaamuru maneno yafutwe, eti wagonjwa watafikiri gari ni la duka. Akafuta. Akaandika tena. Mkuu mwenyewe kila Jumatatu anaingia ofisini kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kwenye mlango wa mbele wamekaa dada yako na yule binti aliyemzika mama yake. Dada yako anakwenda na kazi yake, anapindia suruali za watu pale pale kwenye ngazi. Wanataka mkuu aseme kwa mdomo wake kwamba ile sitini haikuwa ya yule mama. Anasema kioo kilifanya kazi. Wanarudi wiki inayofuata.

Bwana Kioo hupita hapa akimaliza zamu. Sijamwita, anapita tu. Jana alinishika mkono, akatazama nje dirishani, akihesabu dakika nzima. Nikamuuliza, "Unga unatoka?"

"Unatoka, Fundi."

"Mwingi?"

"Wa kutosha."

Nikamwambia, basi usije tena hapa kujifariji kwa mkono wangu, maana mimi unga ninao. Nenda kwa yule binti. Ulikuwa wewe ndani ya lile gari lililokwenda kwa mama yake au hukuwa wewe, nenda. Mkuu wako hatakwenda. Simama mlangoni kwake, umwambie sitini ilikuwa ya nani.

Alikaa kidogo anaviangalia viatu vyake. Kisha akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka mwisho wa barabara, akakata upande wa nyumba ya yule binti.

Sijui kama alifunguliwa.

Baba yako,
Fundi